Lawama Iliyokosea Mlango

Limezuka neno katika siku hizi, nalo linapendwa sana katika mawaidha, katika semina na hata katika insha za shuleni. Husemwa kwamba kijana wa Kiislamu akaaye mjini amesimamishwa baina ya mambo mawili, dini upande huu na usasa upande ule, na kwamba kazi yake maishani ni kutafuta mizani. Wasemao neno hili ni watu wema. Hata hivyo sisi tunalipinga, tena tunalipinga kwa nguvu, kwa kuwa neno hilo pamoja na upole wake wote linamtia kijana hatiani kabla hajatenda kosa lolote, na linawaachilia watu wazima waende zao bila kuulizwa swali.

Tutoe hoja yetu mahali tunapopajua. Msalato ni kata iliyo kaskazini ya Jiji la Dodoma, kando ya barabara iendayo Kondoa na Babati. Hapo pana shule ya sekondari ya wasichana ya Serikali, pana chuo cha thiolojia cha Kanisa la Anglikana, pana mnada wa mifugo wenye sifa, na hapo ndipo lilipowekwa, mwezi Oktoba 2022, jiwe la msingi la uwanja wa ndege wa kimataifa. Wenyeji wa nchi hii ni Wagogo, na wengi wao ni Wakristo. Lakini ukiifuata barabara hiyo kuelekea kaskazini utafika Kondoa kwa Warangi, ambako Uislamu ulifika kwa misafara ya biashara na ukaota mizizi. Barabara yenyewe, kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018. Safari iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika sasa ni ya saa chache. Kwa hiyo Msalato ni mlango. Kijana wa Kondoa anayekuja kutafuta chuo, kibarua au bahati yake katika makao makuu ya nchi hupitia hapo kabla hajaziona taa za mji. Naye anaingia katika mji unaokua kwa haraka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Dodoma Mjini watu 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179.

Kijana huyo ndiye tunayemwambia kwamba amepotea.

Siku moja tulisimama katika mnada wa Msalato tukitazama mbuzi wakishikwa mbavu na kufunuliwa vinywa, kama ilivyo desturi ya wanunuzi. Mzee mmoja aliyevaa kanzu safi na kofia ya kitoni alimwona kijana aliyevaa jezi ya mpira na suruali ya jinzi, akamwita mbele ya watu. Akamwambia, "Mwanangu, nawe ni mtoto wa Kiislamu, mbona unavaa kama mhuni? Kanzu yako iko wapi?" Kijana akaitikia kwa heshima, "Shikamoo, babu. Kanzu ninayo, huivaa Ijumaa. Lakini nami nina swali. Yule mbuzi jike uliyeniuzia mnada uliopita ukaapa kwamba ni mzima, mbona alikufa siku ya tatu?" Watu wakacheka. Mzee akakasirika, akasema vijana wa leo hawana adabu.

Tumelifikiri jibu la kijana yule mara nyingi, na mpaka leo hatujauona utovu wa adabu uliomo. Alisalimu, alijibu alichoulizwa, kisha akauliza jambo ambalo dini yenyewe inaliuliza. Sura ya 83 katika Kurani imepewa jina la watu wapunjao vipimo. Hakuna sura iliyopewa jina la jezi. Mzee yule alikuwa anaijua dini kwa jicho: aliona nguo, akahukumu. Kijana alikuwa ameitambua dini pale inapouma, yaani katika mali, katika kiapo na katika ahadi. Kama ni lazima mmoja wao aambiwe kwamba hajapata mizani, tungependa msomaji atuambie ni yupi.

Hatusemi haya ili kuidharau kanzu. Sisi nasi tunaivaa, na tunaipenda. Tunalokataa ni kuifanya kanzu kuwa mwanzo na mwisho wa dini, hali sisi wenyewe tumesahau historia yake. Mababu wa Warangi hawakuzaliwa na kanzu. Vazi hilo lilipanda kutoka pwani na misafara ile ile iliyoleta kahawa, shanga na lugha ya Kiswahili, na lilipofika bara lilikuwa vazi la watu wa mjini, vazi la usasa wa siku zile. Bila shaka palikuwa na wazee wakati huo waliowatazama vijana wenye kanzu wakatikisa vichwa, wakasema watoto wameharibika kwa kuiga wageni. Leo wajukuu wa vijana wale wamekuwa wazee, na vazi la uhuni la jana limekuwa kipimo cha uchaji Mungu.

Wala Waislamu si peke yao katika ugonjwa huu wa kutafuta maadili katika pindo la nguo. Taifa nalo liliwahi kuuugua. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na tangu siku ya kwanza ya Januari 1969 Operesheni Vijana ikaanza katika Dar es Salaam. Nia ilikuwa kulinda utamaduni wa Taifa. Lakini wasichana walifukuzwa na kufedheheshwa barabarani na watu ambao wenyewe walikuwa wamevaa suruali na mashati ya Ulaya. Suruali za kubana zilitoka, zikaja za mapana, kisha za kubana zikarudi, na utamaduni wa Taifa ukaendelea kukaa mahali pengine kabisa, ambapo mkaguzi wa mapindo hafiki.

Turudi katika neno "usasa". Anayelitumia kama kinyume cha dini ametia sumu katika visima viwili kwa mkupuo mmoja. Kwanza anamwambia kijana kwamba mji, shule, kompyuta na treni ya umeme ni mali ya watu wasio na dini, na kwamba Mwislamu huviingia kama mgeni anayeomba radhi. Hilo ni uwongo wa historia. Pwani yetu ilikuwa na miji ya Waislamu, Kilwa na mingineyo, karne nyingi kabla ya Mjerumani kupima kiwanja chake cha kwanza hapa Dodoma. Katika miji hiyo watu walisali, wakafanya biashara ya ng'ambo, wakajenga nyumba za mawe na kutunga tenzi, na hatujasikia kwamba waliitisha semina juu ya mizani. Pili, anamwambia kijana kwamba dini ni kitu cha jana, cha kuhifadhiwa sandukuni pamoja na picha za babu. Huko ndiko anakofikishwa na wale wengine, wajuzi wa mjini, ambao wakimwona msichana mwenye hijabu humhurumia kwa sauti, na wakimwona mfanyakazi mwenzao anatafuta maji ya kutawadha huuliza kama bado yuko karne ya saba. Hawa nao tunawapinga. Tangu tarehe 19 Machi 2021 mjuzi wa aina hii anapaswa kueleza imekuwaje mwanamke Mwislamu ambaye hatoki nyumbani bila mtandio aliapishwa kuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu wa nchi.

Neno lenyewe "ustaarabu", ambalo sisi walimu na watumishi tunalitumia kila siku pasipo kulichungua, asili yake ni kujifananisha na Mwarabu. Hapo ndipo ilipo kasumba yetu ya zamani. Kijana wa Kirangi huambiwa kwamba ili awe Mwislamu kamili yafaa afanane na mtu wa pwani, na siku hizi na mtu wa Riyadh; kisha huambiwa kwamba ili awe mtu wa mjini yafaa afanane na mtu wa London. Katika maneno yote mawili haruhusiwi kufanana na baba yake.

Dodoma inayo shahidi wa kutusaidia katika shauri hili, naye hakuwa Mwislamu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa Mkatoliki. Ndiye aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Mtu huyo alizichukua bahari za ushairi zilizolelewa na Waislamu wa pwani kwa mamia ya miaka, akautumia utenzi kuisimulia Injili, kisha akazikuza ngonjera zikawa chombo cha kufundishia siasa ya Taifa mashuleni. Je, alikuwa amesilimu? Hapana. Je, aliacha kuwa Mgogo? Hapana. Alitwaa chombo kizuri kutoka kwa jirani na akakitia shehena yake mwenyewe. Ikiwa Mnyampala aliweza kuuvaa utenzi na Ukatoliki wake usipungue hata uzi mmoja, kwa nini kijana Mwislamu avae jezi tuseme imani imemtoka?

Upande wa pili tunaye Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, na tunajua kwamba Waislamu wengi hutofautiana na jumuiya hiyo katika itikadi. Hilo si shauri letu hapa. Alitufundisha kanuni za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha akawa Waziri katika Serikali mpaka alipofariki mwaka 1964. Sheikh akaushika mji mkubwa kuliko yote nchini, akaupangia taka, maji na barabara zake. Mtu akimwuliza namna alivyopatanisha joho la sheikh na kiti cha Meya, pengine asingelielewa swali. Na Bibi Titi Mohamed, aliyesoma chuoni Kurani na kuimba katika kikundi cha ngoma mjini Dar es Salaam, alitoka mwaka 1955 kuwakusanya wanawake waingie TANU, akapanda majukwaa mbele ya wanaume. Watu wa wakati wake waliosema kwamba mwanamke Mwislamu hasimami hadharani hawakosekani. Nchi ikapata Uhuru kwa sauti yake na ya wenzake.

Mwalimu unayesoma haya utasema kwamba majina makubwa hayamsaidii msichana wa kidato cha tatu anayefunga Ramadhani bwenini, wala kijana anayefanya kibarua cha ujenzi siku ya Ijumaa. Ni kweli. Basi tuyatazame mambo yao, na hapo ndipo lawama yetu inapozidi kuwa kali, maana mambo hayo yanazo njia, ila wenye kuzijua wamekaa kimya wakishughulika na mapindo.

Chukua sala. Kijana wa ofisini hudhani kwamba asipoacha kazi mara adhana ya adhuhuri inaposikika amekwisha kuikosa. Wakati wa adhuhuri hapa Dodoma huingia baada ya saa sita na nusu hivi, nao hauishi mpaka alasiri iingie, karibu na saa kumi. Ndani yake mna saa tatu, na katika saa tatu hizo mna mapumziko ya chakula cha mchana. Ubora wa kusali mapema upo, lakini ubora ni jambo moja na kukosa ni jambo jingine. Chukua safari. Tangu mwaka 2024 watu hupanda treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na wengi huhangaika namna ya kusali humo. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hizi, yamempa msafiri wa mbali ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kuikusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Ruhusa hiyo ni ya kale sana kuliko reli. Ni mahubiri mangapi ya Ijumaa tumeyasikia juu yake? Sisi tumesikia machache. Juu ya nywele za vijana tumesikia mengi.

Ijumaa yenyewe ni mzigo wa kweli, hatutaupaka asali. Sala yake haikusanywi wala haiahirishwi, nayo hudondokea katikati ya siku ya kazi. Kijana mwenye msimamizi muungwana huenda na kurudi. Mwenye msimamizi mkali huchagua kati ya msikiti na mshahara wa siku. Hapo panahitajika maneno ya watu wazima kwa watu wazima, viongozi wa misikiti kwenda kwa waajiri na kuzungumza juu ya dakika arubaini. Badala yake tunamtuma kijana peke yake, kisha asipofaulu tunamwita dhaifu.

Tuendelee na lile la mnadani, nyama. Mnada wa Msalato hauishi kwa mifugo tu. Watu huenda kuchoma nyama, na penye nyama choma chupa za bia haziko mbali. Kijana hualikwa na wenzake wa kazini, Wakristo na Waislamu. Huuliza nani amechinja. Katika nchi hii imekuwa desturi ya miaka mingi kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu aweze kuila. Desturi hiyo haikushushwa na amri kutoka juu; ni adabu ya majirani, tena ni sehemu ya utamaduni wa Taifa kuliko ngoma nyingi tunazozionyesha katika sherehe. Nayo huvunjika kwa urahisi. Mwezi Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulileta mauaji ya mchungaji. Basi kijana anayekaa na wenzake mnadani, akala nyama iliyochinjwa kwa namna anayoiridhia, akanywa soda wakati mwenzake anakunywa bia, wala asimhubirie wala asichekwe, huyo anafanya kazi ambayo polisi hawawezi kuifanya. Wako watakaomwambia kwamba kukaa karibu na chupa ni dhambi, na wanazo hoja zao. Sisi tunawaomba watueleze kwanza ataishije katika Dodoma, ambamo jirani yake, mwalimu wake na pengine mjomba wake ni Wakristo.

Sasa tufike penye fedha. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu husoma kwa mkopo wa Serikali. Hadi mwaka 2021 mkopo huo uliongezwa kila mwaka asilimia 6, kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mwanafunzi Mwislamu aliyekuwa na hofu ya Mungu aliuliza: je, hii si riba? Wengine waliambiwa ni riba, basi. Wakabaki wameshika barua ya kuingia chuo mkono mmoja na neno "haramu" mkono wa pili, na aliyewapa neno hilo hakuwapa ada. Mwaka 2021 Serikali iliifuta tozo hiyo kwa wakopaji wote, wa dini zote, kwa sababu ilikuwa inawaelemea wote. Uchungu wa dhamiri ya Mwislamu ukaondolewa pamoja na uchungu wa mfuko wa Mkristo, kwa uamuzi mmoja.

Lakini miaka ile yote kabla ya tozo kufutwa, sisi tuliokuwa tunasema haramu tulikuwa na nini mikononi? Tulikuwa na zaka. Fedha iliyotimia kiwango na kukaa mwaka hutolewa sehemu moja ya arubaini. Ng'ombe wakifika thelathini hutolewa ndama mmoja. Mbuzi wachungwao malishoni wakifika arubaini hutolewa mbuzi mmoja, na mmoja huyo hutosha mpaka wafike mia na ishirini. Nchi ya kati ni nchi ya mifugo. Mtu na ahesabu mwenyewe mifugo ipitayo katika barabara ya Kondoa kwa mwaka, kisha ahesabu ni wanafunzi wangapi wangelipiwa ada kwa sehemu hiyo ndogo tu, iliyo faradhi, isiyo hisani ya mtu. Msikiti mkubwa wa hapa Dodoma tulijengewa kwa msaada wa Libya. Tunashukuru. Ila daftari la zaka haliletwi kutoka Libya.

Siku ile mnadani, kicheko kilipokwisha na kijana amekwenda zake, tulimsogelea yule mzee wa kanzu tukamwamkia. Tukazungumza habari za mvua na malisho, akatulia, akawa mtu mwema tu. Tukamwuliza ana mbuzi wangapi nyumbani. Akasema kwa furaha kwamba wanapita sabini. Tukamwuliza zaka yao huitoa wapi, kwa nani. Akatutazama kidogo, akaikung'uta kanzu yake vumbi, akasema hapo sasa tumeanza kuingilia mambo ya watu.